Lumbesa ya Kiongozi

Mshona magunia wa Isongole huanza kazi yake pale ambapo gunia lingeweza kufungwa na likabebeka. Viazi vimeshafika mdomoni. Yeye anachukua kipande cha wavu, anakizungushia mdomo wa gunia, anapanga viazi vingine juu yake kimoja kimoja kama fundi anayepanga matofali, halafu anapitisha sindano ndefu na kamba, anavuta, anakaza, mpaka kilemba kinasimama kama kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi, ila ukipita barabara ya Uyole kwenda Tukuyu wakati wa mavuno bado utayaona magunia hayo yamepangwa kando ya lami yakisubiri fuso. Anayeujua uzito wa lumbesa hasa ni kuli, naye haulizwi.

Nimefanya kazi ya udaktari katika wilaya hii ya Rungwe kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa nikiwa kliniki ya presha na kisukari. Makuli ninawahurumia, lakini wanaoninyima usingizi ni wale wanaoitwa kuamua ugomvi wa lumbesa: mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati, diwani, mchungaji, mwenyekiti wa chama cha ushirika. Hawa wanapima kila kitu. Wanajua mapato ya ushuru ya wiki, idadi ya watoto waliochanjwa, mifuko ya saruji iliyobaki kwenye boma la darasa. Ukimuuliza mmoja wao presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho, anakutazama kana kwamba umemuuliza habari za jirani.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja, mtendaji wa kata ya ukanda wa juu. Mambo yake machache nimeyabadilisha asitambulike. Hakuja kutibiwa. Alifuata takwimu za kliniki kwa ajili ya kikao cha maendeleo ya kata, na kwa kuwa foleni ilikuwa fupi nikamwomba akae nimpime. Akacheka.

"Daktari, mimi sina presha. Mimi nina kazi tu."

Alikuwa na miaka 46, amevaa sweta mbili na kitenge begani, simu mbili mkononi. Nilipokuwa nafunga mkanda wa kipimo juu ya mkono wa sweta, kwa sababu na mimi nilikuwa na haraka, simu moja ikaita. Mashine ya kukatia ushuru imegoma getini, fuso tatu zimesimama, madereva wanafoka. Akawa anaongea huku mkanda unajaa upepo. Kipimo kikasoma 184 kwa 106.

Hapo nikasimamisha kila kitu tukaanza upya. Simu zote mbili kwa nesi. Sweta zote mbili kwenye kiti, mkono wazi mpaka begani. Mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nikamuuliza kama amebanwa na haja ndogo; alikuwa amebanwa tangu saa mbili asubuhi, akaenda, akarudi. Kisha dakika tano bila kusema neno. Nimeona akina mama wakijifungua wakiwa na subira kuliko aliyokuwa nayo yeye katika dakika zile tano. Alitazama mlango, akatazama saa, vidole vikatafuta simu ambayo haikuwepo. Kipimo cha pili kikasoma 168 kwa 100. Cha tatu, baada ya dakika moja, 166 kwa 98.

Kwa hiyo sehemu ya ile presha ya kwanza ilikuwa ya simu, ya sweta na ya kibofu. Kuongea wakati wa kupimwa peke yake kunaweza kupandisha namba ya juu kwa kumi hivi. Kibofu kilichojaa vivyo hivyo. Kahawa au sigara ndani ya nusu saa iliyotangulia navyo vinaongeza chao. Lakini iliyobaki ilikuwa ya mwili wake. Alirudi mara mbili siku nyingine, tukapima kwa utaratibu uleule, na kila mara namba zilikuwa juu ya 140 kwa 90, mpaka ambapo daktari huacha kusema "tuangalie" na kuanza kusema "una presha".

Viongozi wa huku hunielewa haraka nikiwaeleza kwa mabomba. Maji yetu mengi ni ya mserereko: chanzo kiko juu mlimani, bomba linashuka bonde baada ya bonde, na nguvu ya maji huongezeka kadiri unavyoshuka. Kila aliyekaa kwenye kamati ya maji anajua kwamba bomba halipasuki pale juu. Hupasuka kwenye kiungio cha zamani kule chini, usiku, siku ambayo hakuna aliyeligusa. Mishipa ya damu ni hivyo hivyo. Namba ya kwanza ni msukumo wakati moyo unabana, ya pili ni msukumo wakati moyo unapumzika. Msukumo ukikaa juu miaka mitano, kumi, ukuta wa moyo unanenepa kama msuli wa kuli, vichujio vya figo vinachakaa, vishipa vya nyuma ya jicho vinavuja. Kiungio kikikatika ndani ya ubongo ndipo tunasema fulani kapatwa na kiharusi. Katika miaka yote hiyo bomba halikuuma mahali popote.

Na baridi yetu inachangia. Mwili ukipoa, mishipa ya ngozini hujibana ili kuhifadhi joto, damu ileile inapita kwenye njia nyembamba zaidi, presha inapanda. Mtu wa miinuko ya mlima Ngosi anayetoka kitandani alfajiri ya Juni au Julai kwenda kuoga maji ya baridi, huku moyo tayari uko kwenye mpando wake wa kawaida wa asubuhi, anauongezea mzigo. Chemsha maji. Si udhaifu wala si anasa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu na tisa hivi katika kila mia wana kisukari. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na presha, na asilimia 46 yao hawajui. Hawajui, maana yake wako kazini. Wengine ndio wenye muhuri.

Kuna mgonjwa mmoja wa historia ambaye huwa namfikiria kila ninapomkuta kiongozi anayesema hana presha, ana kazi tu. Machi 27, 1944, daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani katika hospitali ya jeshi la wanamaji kule Bethesda. Presha 186 kwa 108, moyo umetanuka. Namba karibu zilezile za mama yule na simu zake. Vita vilikuwa vimepamba moto, uchaguzi ulikuwa mbele, na daktari mkuu wa rais, Ross McIntire, mtaalamu wa masikio, pua na koo, alikuwa akiuambia umma kwamba rais ni mzima. Bruenn alifanya aliloweza: chumvi ipungue, sigara zipungue, kuwe na saa za kupumzika, na dawa ya kuusaidia moyo kusukuma. Dawa ya kufaa ya kushusha presha yenyewe haikuwepo. Roosevelt akashinda uchaguzi, akasafiri mpaka Yalta Februari 1945, na tarehe 12 Aprili, akiwa amekaa kitini akichorwa picha, akasema kichwa kinamuuma mno kwa nyuma, akazimia. Presha ilikuwa imepita 300. Alikuwa na miaka 63.

Kidonge cha kwanza cha kupunguza chumvi na maji mwilini ambacho mtu angeweza kukimeza kila siku bila madhara makubwa, klorothiazaidi, kiliingia sokoni mwaka 1958. Leo ndugu zake wa karibu wanatolewa kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, pamoja na amlodipini na nyinginezo. Alichokikosa mkuu wa taifa tajiri kuliko yote, mwalimu mkuu wa Isyonje anakipata, na kama ni mtumishi wa umma ana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anayokatwa asilimia tatu ya mshahara kila mwezi, mwajiri naye akiongeza tatu. Inaniuma kuona kadi hiyo inatumika kwa malaria ya mtoto tu, na mwenyewe anaitoa mara ya kwanza kwa ajili yake siku anapoletwa amebebwa.

Kuna imani kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa, kwamba anayebeba dhamana kubwa ndiye anayeumia moyo zaidi. Nami niliiamini. Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza pale Whitehall, London, wanaume zaidi ya 17,000, kuanzia makatibu wakuu mpaka matarishi. Matokeo ya Michael Marmot na wenzake yaligeuza imani hiyo juu chini: watu wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na kila ngazi ilikuwa na hali mbaya kuliko ile iliyo juu yake. Sigara na unene vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwaingiza wanawake, ulionyesha sababu nyingine: mtu kukosa usemi juu ya kazi yake mwenyewe. Mmarekani Robert Karasek alikuwa ameshalisema mwaka 1979, kwamba kinachochosha mwili ni madai makubwa yakikutana na uwezo mdogo wa kuamua. Madai makubwa peke yake hayatoshi kumvunja mtu.

Sasa mtazame mtendaji wetu wa kata kwa jicho hilo. Lengo la mapato linatoka juu. Tarehe ya kukamilisha boma inatoka juu. Mbio za Mwenge zikikaribia, simu zinatoka juu mara tano kwa siku. Fedha za kutimizia hayo yote zinaamuliwa na mtu mwingine na zinafika kwa wakati wa mtu mwingine. Na wanaokuja mlangoni kwake kwa hasira, kwa sababu ng'ombe kaingia kwenye viazi au mpaka wa shamba umesogezwa, wanaamini yeye ndiye serikali. Ana cheo cha kulaumiwa, hana cheo cha kuamua. Mwalimu mkuu yuko hapohapo. Mganga mfawidhi ambaye dawa hazijafika yuko hapohapo. Vitabu vya kigeni vya kujitunza kwa viongozi vimeandikwa kwa ajili ya mkurugenzi mwenye katibu muhtasi na mlango unaofungwa. Kiongozi wetu wa kati ni mtu mwingine, na kwa mizani ya Whitehall yuko hatarini kuliko waziri wake.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na lugha ya jambo hili kabla ya kipimo cha presha. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti katika nchi hii ya Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliandika juu ya kile kilichoitwa pumzi ya watu: kwamba majirani wakinung'unika kwa haki dhidi ya mtu, hata kama ni mkubwa, manung'uniko yao humfikia mwilini kama ubaridi, akatetemeka, akaugua. Mimi ni mtu wa hospitali na sifundishi kwamba mnong'ono hupasua mshipa. Lakini waliosema hivyo walikuwa wameona kitu cha kweli. Mtu anayeishi akijua anasemwa, anayerudi nyumbani na kikao kichwani, mwili wake unamwaga homoni zilezile za kukimbia simba, saa baada ya saa, na hakuna simba wa kukimbia. Moyo unaenda mbio, mishipa inajibana, sukari inamiminwa kwenye damu kwa ajili ya misuli ambayo imekaa kitini.

Ninalazimika kugusa na upande mwingine wa imani hiyo, kwa sababu umeniondolea wagonjwa. Kiongozi akipooza upande mmoja, wapo watakaosema karogwa kwa sababu ya cheo, na siku mbili za kwanza zitaisha njiani kwenda kwa mganga wa kienyeji. Kama mdomo umepinda ghafla, mkono umeshindwa kunyanyuka au maneno yamevurugika, safari ni moja tu, ya hospitali, saa hiyohiyo. Maswali mengine yatajibiwa baadaye mgonjwa akiwa hai.

Basi afanye nini mtu mwenye simu mbili?

Sitaandika hapa habari za kwenda Zanzibar kupumzika. Nitasema kwanza juu ya saa, kwa sababu ndicho kilemba chenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi walitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Nilimwomba mama yule ahesabu saa zake kwa wiki moja, kuanzia anaposhika simu asubuhi mpaka anapojibu ujumbe wa mwisho kwenye kundi la WhatsApp la watendaji usiku. Zilitoka 71. Likizo hakuwa amechukua miaka mitatu, na alilisema hilo kwa sauti ya fahari kidogo.

Hizo 26 zinazozidi 45 tulizipitia mojamoja mezani kwangu, kwa kalamu. Nilitaka tujue ni zipi ni gunia na zipi ni kilemba. Ugomvi wa mipaka ya mashamba una baraza la kata, na mengine yanaweza kuishia kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hayajafika kwake. Getini yuko mkusanya ushuru. Mashine ikigoma, fundi wa halmashauri anaweza kupigiwa moja kwa moja na mkusanya ushuru bila kumpitia mtendaji. Harusi zote za kata hazimhitaji yeye kwenye meza ya mbele. Alipata usemi pale ambapo kumbe alikuwa nao siku zote na hakuutumia. Pale ambapo kweli hakuwa nao, kwa mfano tarehe za Mwenge, tulipaacha palivyo. Simu ya kazi akaanza kuilaza sebuleni saa tatu usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi, na akawaambia wenyeviti wake wa vijiji kwamba la moto, la mauaji au la mafuriko, wagonge mlango. Mlango uligongwa mara moja katika miezi minne.

Usingizi unapimwa kidogo sana na viongozi. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi. Usiku ndipo presha inatakiwa kushuka na mishipa ipumue; asiyelala anaikosesha mishipa yake zamu ya kupumzika. Kama mwenzi wako anakwambia unakoroma na katikati unakata pumzi, kisha unashituka, mwambie daktari hivyohivyo alivyokwambia, kwa sababu huo ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba, na ni rafiki mkubwa wa presha.

Chakula sina haja ya kukitafuta mbali. Nchi hii imejaliwa. Kiazi si adui, hata kama watu wa kliniki yangu wanakuja wakidhani nitakikataza. Kiazi cha kuchemshwa, ndizi, maharage na parachichi vina madini ya potasiamu ambayo husaidia figo kutoa chumvi na kushusha presha, na Rungwe inasafirisha parachichi mpaka Ulaya huku mkuu wa shule anakula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mpaka zinang'aa. (Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza; kwake potasiamu ni hesabu nyingine.) Kipimo cha chumvi kwa mtu mzima ni gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na humo imo ya mkate, ya mchuzi na ya kiungo cha paketi. Vikao navyo vina ugonjwa wake: soda na maandazi saa nne, soda na wali nyama saa nane. Mwenyekiti wa kikao ndiye anayeidhinisha chakula cha kikao. Mahindi ya kuchemsha na chai isiyo na sukari nyingi havihitaji kibali cha wilaya.

Kimpumu, bia na konyagi nitavisema kwa upole. Kiongozi asiyeweza kulia mbele ya watu mara nyingi hunywa nyuma yao. Kama glasi imeanza kuwa ndiyo inayokulaza, tatizo la usingizi halijatatuliwa, limeahirishwa, na presha ya asubuhi inayofuata itakuwa juu zaidi. Na kama furaha ya vitu vyote imekauka kwa wiki mbili au zaidi, asubuhi hutaki kuamka, unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo inaitwa sonona. Inatibika. Njoo useme.

Mwili unataka mwendo wa dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu lakini uweze kuongea. Wenzetu wa mijini wanalipia chumba cha mazoezi. Sisi tuna vilima. Kutembea kwa miguu kwenda shule ya pili badala ya kuita bodaboda ni kazi tosha, na mara moja kwa mwezi, ukiwa mzima na umeshapimwa, kile kipande cha msituni kupanda Ngosi, kati ya mianzi mpaka ukingoni ambapo ziwa linaonekana chini likiwa limetulia kabisa, kitafanya kazi ambayo semina ya siku tatu haiwezi.

Kisha vipimo, na hapa nitamtaja mtu. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kwa desturi yetu, maradhi ya mkubwa, tena ya sehemu hiyo, ni siri ya nyumbani. Taifa lilitangaziwa akiwa bado kitandani, na aliporudi alilizungumza mwenyewe hadharani na kuwahimiza wanaume wakapime. Ninakumbuka wiki zilizofuata: wanaume wa makamo, baadhi yao wazee wa kanisa, waliuliza juu ya tezi dume kwa sauti ya kawaida, bila kuzunguka. Mpaka leo sijaona bango la afya lililofanya kazi kama ile.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wasijifiche. Najua kwa nini mnajificha. Diwani akionekana kwenye benchi la kliniki ya presha mwaka wa uchaguzi, mshindani wake ana hotuba. Lakini benchi lile linakutazama pia kwa jicho jingine: mkulima aliyekaa karibu nawe, ambaye amekuwa akiacha vidonge vyake kila anapojisikia nafuu, anaona kumbe na mheshimiwa anameza kila siku. Presha haiponi kwa nafuu. Dawa ndiyo inayoleta namba nzuri, na namba nzuri si ruhusa ya kuacha dawa.

Orodha yenyewe ni fupi. Presha, angalau mara moja kwa mwaka kama ni nzuri, na kila mwezi kama si nzuri. Sukari kabla ya kifungua kinywa: ikifika 7 inarudiwa kwa uthibitisho. Kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, juu ya mfupa wa nyonga: mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke 80, mafuta ya tumboni yameanza kusema. Mkojo kwa ajili ya figo. Mama wa miaka 30 na kuendelea, mlango wa kizazi, kipimo cha siki ambacho ni cha dakika chache. Baba aliyefika miaka 50, au mapema zaidi kama kwenye ukoo kuna aliyeugua, azungumze na daktari juu ya tezi dume, faida za kupima na usumbufu wake. Chagua tarehe usiyoweza kuisahau. Mwalimu mkuu mmoja amechagua wiki ya kufunga shule Juni. Mchungaji mmoja, wiki baada ya Pasaka, akiwa amechoka kuliko wakati wowote wa mwaka. Alisema anataka nimwone katika hali yake mbaya kabisa, na alikuwa sahihi.

Mama mtendaji alianza kidonge kimoja, baadaye viwili. Alinunua kipimo cha nyumbani cha kufunga mkono wa juu, na daftari la shule la kurasa 40. Mwezi wa nne aliingia kliniki siku ya soko. Nje, upande wa pili wa barabara, walikuwa wanapakia fuso. Kuli mmoja ameinama, wawili wanamtwisha gunia lenye kilemba. Mama hakusubiri nimwambie. Alimpa nesi simu zote mbili, akavua sweta ya kwanza, ya pili, akakaa, akaegemea, akaweka miguu sakafuni. Dakika tano zikapita na hakutazama mlango.

"138 kwa 86," nikasoma.

"Ndaga fijo, daktari," akashukuru kwa Kinyakyusa. Akafungua daftari, akaandika tarehe na zile namba mbili kwa mkono wake, akanigeuzia ukurasa. Chini ya jina lake alikuwa ameanza safu nyingine tatu, tupu bado, kila moja na jina la mwenyekiti wa kijiji juu yake.

"Wako nje," akasema. "Niwaite mmoja mmoja?"